Pimbi Mkononi, Sponji Mdomoni

Mwezi uliopita mafundi waliokuwa wakivunja mwamba kwenye kiwanja chetu cha Miyuji waliacha kazi ghafla, wakaziba pua. Nyundo ilikuwa imefungua ufa mrefu kwenye jiwe, na ndani yake ikatoka harufu kali, harufu ya mkojo uliokauka miaka na miaka ukachanganyika na vumbi na jua. "Humu kuna mzoga," fundi mmoja alisema. Mimi sikuziba pua. Nilisogea, nikainama juu ya ule ufa, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Nikamwambia si mzoga, ni pimbi, hapa walikuwa wanakaa wao kabla yetu. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo huyu mama yuko sawasawa. Hakujua kwamba mimi nilikuwa nimesharudi kijijini Gulwe, nina miaka kumi na miwili, nimechuchumaa kilimani na daftari mapajani, na mdomoni nina neno moja ambalo halitaki kutoka.

Nilikuwa na kigugumizi. Ninacho hata leo, ila siku hizi tumezoeana. Wakati ule kilikuwa kinanitawala. Herufi nyingine nilizipita kwa kujikwaa tu, lakini p ilikuwa ukuta. Niliweza kusimama mbele ya neno dogo kama "paka", midomo imebanana, mishipa ya shingo imetoka, mpaka mtu anihurumie alitamke yeye. Na watu walinihurumia sana. Mama alinimalizia maneno, baba alinimalizia, hata mwenye duka alinitajia bidhaa zake moja moja kutoka rafu ya juu hadi ya chini ili mimi nitikise kichwa tu. Walifanya hivyo kwa upendo, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kujua kwamba jambo hilo lilikuwa linaniuma. Nilifika darasa la sita sijawahi kunyosha kidole kuuliza swali hata moja.

Tuliishi karibu na stesheni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mkagua njia. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma ya reli na nyundo yake ya mpini mrefu begani, akigonga hapa na pale, akisikiliza chuma. Mama alilima mtama na karanga, na kiangazi kazi yake kubwa ilikuwa maji. Mto wetu ni wa mchanga. Mvua zikija unakuja kwa hasira na kuzoa hadi reli. Mvua zikiisha unabaki njia nyeupe pana, na watu wanachimba visima kwa mikono kuyafuata maji yalikojificha. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kilima cha mawe makubwa yaliyobebana, na humo ndimo walimoishi pimbi. Sisi tuliwaona kama mnavyowaona kuku. Hakuna aliyewahi kuwafikiria.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu mpya wa sayansi kutoka Tanga, Mwalimu Saumu. Alikuwa kijana, mwembamba, anafunga mtandio wake kwa pini moja begani, na Kiswahili chake kilitiririka. Kwetu sisi Kiswahili kilikuwa lugha ya shule; ukifika nyumbani ulikivua pamoja na sare, ukarudi kwenye Kigogo. Kwa hiyo tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza mwenye mali akiitaja mali yake.

Siku moja aliingia darasani na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua, akatoa kitu chenye rangi ya mkate uliokauka, chepesi, kimejaa matundu. Ubaoni akaandika maneno mawili: PIMBI na SPONJI.

"Nani mnyama hapa?" aliuliza.

"Pimbiii!" darasa lote.

"Na huyu?" Akakiinua kile kitu.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Hatukucheka swali, tulicheka ile "huyu". Mtu wa pwani, mwenye Kiswahili chake, kakosea kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angesahihishwa! Kiranja wetu, Yona, alisimama kwa adabu zote. "Mwalimu, ni hili. Sponji hili."

"Lile la dukani ni hili," alisema bila kutabasamu. "Huyu ni huyu. Huyu ni mnyama wa baharini. Hana macho, hana mdomo, hana moyo, hana miguu. Anakaa mahali pamoja maisha yake yote. Anavuta maji ya chumvi kwa matundu haya madogo, anachuja chakula chake, kisha anayatoa maji kwa tundu kubwa la juu. Na huyo pimbi wenu mnayemwona kila siku, nduguye wa karibu si panya wala sungura. Ni tembo. Hata meno yao yanafanana."

Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu mkuu dirishani.

Kulikuwa na maonyesho ya sayansi ya shule za msingi yatakayofanyika Mpwapwa mjini. Mwalimu Saumu alitaka kila mmoja wetu aandike jinsi wanyama wale wawili wanavyofanana na wanavyotofautiana. Atakayeandika vizuri ndiye atakayekwenda. Mimi niliandika kurasa nne. Kwenye karatasi p haikuwa na nguvu yoyote. Niliiandika mara nyingi kadiri nilivyotaka, nyingine hata bila sababu. Alipotaja jina langu, Yona alisimama tena. "Mwalimu, huyu hawezi kusema."

"Nimesoma daftari lake," alijibu. "Anasema kuwashinda nyinyi wote."

Baada ya masomo aliniita, akanipa lile kopo. "Marehemu mama yangu alituogeshea hili watoto wote saba," alisema. "Nilipokuja huku, cha kwake nilichobeba ni hiki tu. Kaa na sponji wiki moja. Kaa na pimbi wiki moja. Uangalie kwa macho yako, usiniletee niliyoyasema mimi. Umeelewa?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa na swali, swali kubwa, lakini lilianza na "sponji". Niliuona ukuta kwa mbali nikageuza njia. Nikasema asante, nikaondoka na kopo kifuani.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akivua viatu vyake vya kazi. "Eti pimbi ni ndugu wa tembo," alisema, na mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Huyo mwalimu wenu amewahi kumwona tembo? Mimi nimewaona, nilipokuwa kazini upande wa magharibi. Tembo mmoja anabeba pimbi wa kilima kizima mgongoni."

"Alise-sema me-me..."

"Meno, ndiyo. Alisema meno yanafanana. Sasa hata panya ana meno." Mama yeye hakucheka. Alikuwa ametoka mtoni na ndoo kichwani, mchanga umemganda hadi magotini. "Maji ya kunywa tunayachimba kama dhahabu," alisema, "nao wanafundishana habari za bahari." Baba akamaliza neno la mwisho: kama mambo yenyewe ni hayo, hanipeleki Mpwapwa.

Nilikwenda kilimani siku hiyo hiyo. Nilikwenda kila siku, jua likiwa bado juu na kabla ya shule pia, kwa sababu nilikuwa nimeamua jambo moja kichwani mwangu: kama mwalimu ni mwongo nitajua mimi, na kama si mwongo watajua wao. Niliketi juu ya jiwe nikanyamaza, na kunyamaza ndiko nilikokujua kuliko mtu yeyote Gulwe. Asubuhi pimbi walitoka mmoja mmoja, wakalala juu ya mwamba wakibebana ili wapate jua, wazito, wavivu, kama watu waliochelewa kulala. Mmoja tu hakulala. Alikaa juu kabisa akiangalia anga. Kivuli cha mwewe kilipopita tu juu ya mawe, alitoa mlio mkali kama filimbi ya mlinzi, na kufumba na kufumbua mwamba ukawa mtupu. Wote walikojoa sehemu moja, na jiwe lile lilikuwa na michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika. Walipanda ukuta wa jiwe uliosimama wima bila kuteleza. Niliandika yote. Kisha nilifungua kopo, nikamtazama sponji. Hakufanya kitu. Nikaandika: leo pia hakufanya kitu.

Siku ya nne baba alirudi kazini na kitu ndani ya gunia. Alinitazama kwa pembeni kama mtu mwenye aibu kidogo. "Mbwa wa genge la mafundi wa reli wamemkamata karibu na daraja," alisema. "Njoo tuumalize huu ubishi."

Tulimlaza pimbi juu ya ubao uani. Baba alimfungua mdomo kwa kidole gumba. Meno mawili ya mbele yalikuwa marefu, yamepinda, yana ncha, yamesimama peke yake huku na huku, si kama ya panya hata kidogo. Baba aliyagusa. Akashika mguu, akaugeuza. Chini ulikuwa mlaini, una unyevu kama mpira uliolowa, na vidole havikuwa na makucha ya kukwaruza bali kucha fupi, bapa, zimekaa mbele ya kidole kama kwato ndogo. Baba aliushika ule mguu muda mrefu sana.

"Kucha za tembo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ziko hivi hivi." Akainua uso. "Mwalimu wako si mwongo. Kwa hili. Hilo la pili mimi sijui, bahari sijaiona. Lakini utakwenda Mpwapwa." Alikichemsha kichwa cha pimbi kwenye kopo la rangi, akakisafisha kwa kisu kidogo, akanipa fuvu jeupe lenye pembe mbili ndogo za ndovu.

Sasa pimbi nilikuwa naye mkononi. Aliyebaki alikuwa sponji, na hapo ndipo ilipo aibu ambayo hata leo nikiisimulia masikio yananiwaka.

Mwalimu alikuwa amesema "ni mnyama". Hakusema "alikuwa". Mimi nilichukua neno lile kama lilivyo. Niliamini kwamba yule aliye ndani ya kopo amelala tu, kama vyura wetu wanavyolala chini ya mchanga kiangazi kizima na kuamka mvua ikinyesha. Kinachomkosesha uhai ni bahari. Na bahari ni nini? Ni maji na chumvi. Jumamosi mama alipokwenda kilabuni kuuza karanga nilichukua karai, pakiti nzima ya chumvi na nusu ndoo ya maji, nikapanda navyo kilimani, nikatengeneza bahari ndani ya karai. Nikamtumbukiza sponji.

Alivimba. Wallahi alivimba mbele ya macho yangu, akalainika, akaongezeka kama unga unaoumuka, na kutoka kwenye yale matundu vikatoka vipovu vidogo vidogo, mstari kwa mstari. Anapumua! Nilipiga magoti kando ya karai nikacheka peke yangu. Niliongea naye kwa Kigogo, neno baada ya neno, bila kujikwaa, maana kwake sikuwa na wasiwasi wowote. Nilimwambia asubiri hadi kesho atakuwa amepata nguvu. Nikafunika karai kwa kipande cha bati, nikaweka jiwe, nikashuka.

Nyie mnaofuga mnajua tayari kilichotokea. Kiangazi mbuzi anatembea nusu siku kutafuta chumvi ya kulamba. Jumapili nilipotoka kanisani nikakimbilia kilimani, kile kipande cha bati kilikuwa kimetupwa kule, karai limepinduliwa, na mbuzi wawili wa jirani walikuwa wakitafuna kwa utulivu kabisa. Nilipiga kelele kama yule pimbi mlinzi. Nilichookota kilikuwa vipande vitatu, kikubwa kikiwa kama kiganja cha mtoto. Niliketi pale nikalia, na sikulia kwa ajili ya kopo wala adhabu. Nililia kwa sababu nilimwamsha kiumbe aliyekuwa amelala salama, nikamwacha aliwe akiwa macho.

Mama alijua kuhusu chumvi kabla ya chakula cha mchana, na fimbo ya mama sitaieleza. Ilipita. Kisichopita kilikuwa Jumatatu.

Ningeweza kuandika barua. Nilianza hata kuiandika, kisha nikaichana. Nadhani huo ndio uamuzi wa kwanza mkubwa wa maisha yangu, na hakuna aliyenishauri: niliona kwamba jambo hili nikilisema kwa karatasi nitakuwa nimejificha. Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Saumu asubuhi mapema, nikamkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujavaa viatu?"

Nilimnyoshea kopo. Alilifungua, akatazama ndani. Fagio likadondoka. Nikaanza kusema. "Ni-ni-nilimtia... kwenye maji ya chu-chumvi... ili a-amke... sss..." Hapo ukuta ulisimama. Nilisubiri anihurumie. Mwalimu Saumu hakusema neno. Alisimama tu, macho yamejaa machozi, ananisubiri. Hakuna aliyewahi kunisubiri. Sijui ilichukua muda gani. Jogoo aliwika, mtu alipita na baiskeli akatusalimia. "Sssponji," nilisema. "Sponji kaliwa na mbuzi. Nilimwua mimi."

Aliketi kizingitini. Alichukua kile kipande kikubwa, akakipeleka puani, akafumba macho, akakaa hivyo. Alipofumbua, sauti yake ilikuwa nzito. "Hukumwua," alisema. "Alikufa kabla mimi sijazaliwa. Hii ilikuwa mifupa yake tu, kama lile fuvu ulilonionyesha. Vile vipovu ni hewa iliyotoka kwenye matundu." Akanitazama. "Mbona hukuniuliza kama yuko hai?"

"Ni-nilishindwa kuuliza."

"Basi kosa lako ni hilo. Mbuzi hana kosa, na chumvi haina kosa." Hakunikumbatia, wala hakuniambia si neno. Lilikuwa neno kubwa, na wote wawili tulijua. Kile kipande alikifunga kwenye pindo la khanga, kisha akasimama na kuokota fagio. "Ijumaa utakwenda Mpwapwa. Pimbi utamwonyesha. Sponji utalisema. Huna kingine."

Siku nne zile sikumbuki nilikula nini. Nilipanda kilimani nikawahutubia pimbi. Neno nililoliogopa nililisema mpaka midomo ikafa ganzi, na pimbi mlinzi akazoea, akaacha kulia akiniona.

Ijumaa baba alinipakia kwenye baiskeli yake, nimevaa viatu vya Damari, binti wa jirani, vilivyonizidi namba mbili. Ukumbi wa Mpwapwa ulikuwa na watoto wenye vitu vya ajabu: volkano ya udongo inayotoa povu, taa inayowaka kwa malimao, mtambo wa kuchuja maji uliotengenezwa kwa chupa. Mimi nilikuwa na fuvu dogo mkono wa kulia. Mbele walikaa waamuzi watatu, na wa katikati alikuwa mzee wa ofisi ya elimu mwenye miwani na kalamu ya bluu. Mwalimu Saumu alikuwa ukutani. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Nilianza vizuri. Niliinua fuvu nikawaonyesha meno, nikaeleza kucha, nyayo zenye unyevu, mlinzi juu ya mwamba. "Nduguye ni tembo," nilisema, na watu wakacheka kama darasa letu lilivyocheka, lakini waamuzi walisogeza vichwa kuangalia. Kisha nikanyosha mkono wa kushoto, kiganja kitupu.

"Na mnyama wa pili ni sss... sss..."

Ukumbi ukanyamaza. Ni ukimya ninaoujua vizuri kuliko sauti yoyote. Mtoto mmoja akacheka puani.

"Sponji," alisema yule mzee kwa upole, akisoma kwenye karatasi yake. "Unataka kusema sponji. Haya, endelea mama."

Alinihurumia. Alikuwa mtu mwema, naamini hivyo mpaka leo. Njia ilikuwa wazi, angenibebea neno lile na mengine yote, nami ningetikisa kichwa hadi mwisho. Nilimtazama.

"Sa-samahani, mzee. Naomba nimalize mwenyewe."

Kalamu ya bluu ilisimama hewani. Kisha aliiweka mezani, akaegemea kiti. "Malizia," alisema.

Nikasimama mbele ya ukuta. Sikuukimbilia. Niliupa muda wake wote, na watu wote mle ndani wakaupa muda wake. "Sponji," nilisema. "Huyu hana macho. Hana miguu. Huyu hakimbii mwewe. Mkimtazama mtasema ni mmea. Lakini mmea unajitengenezea chakula kwa jua. Pimbi hawezi. Sponji hawezi. Lazima wakipate nje ya miili yao, mmoja kwa kukimbia na mmoja kwa kuvuta maji mchana kutwa. Mnyama si miguu. Wote wawili wanatafuta." Nilikwama mara sita kabla sijafika mwisho. Nilizihesabu. Mara zote sita hakuna aliyenisaidia.

Sikushinda. Volkano ilishinda, na ilistahili, ilitoa povu hadi kwenye viatu vya mgeni rasmi. Mimi nilipewa daftari la jalada gumu. Mwalimu Saumu alinishika bega, akaliminya, basi.

Tukarudi Gulwe kwa baiskeli. Kwenye mlima baba alishuka akasukuma, mimi nikatembea kando yake nimevua viatu.

"Ulichukua muda," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na wakasubiri."

"Ndiyo, baba."

Akasukuma baiskeli hatua kadhaa, akapangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Basi," alisema, "na wazoee kusubiri."